Sayyida Salme na Lugha za Ugenini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, ukiingia jioni katika Maktaba ya Umma ya Kigali hapa Kacyiru, hutakosa kumkuta mwenzetu mmoja au wawili wameinamia simu, wanakariri maneno ya Kijerumani. Mmoja anatafuta nafasi ya shahada ya pili, mwingine anataka kwenda kusomea uuguzi, mwingine amesikia kuwa vyuo vingi vya serikali kule havitozi karo kubwa. Lugha ndiyo mlango, na kila mmoja anautafutia ufunguo. Sisi wa Rwanda tunaijua kazi hiyo. Wengi wetu tuna kaka na dada walioanza shule kwa Kifaransa wakamaliza kwa Kiingereza baada ya mabadiliko ya mwaka 2008.

Katika toleo hili nimependa tumkumbuke mtu aliyepita njia hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, tena bila simu, bila kamusi ya lugha yake na bila msikiti wa kukimbilia. Ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja na Oman, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete. Najua baadhi yetu wakisikia jina hilo hukunja uso, kwa kuwa aliitoka dini. Nami sitalificha hilo. Lakini maisha yake yana mambo ambayo mwanafunzi wa Kiislamu anayefunga begi lake anapaswa kuyajua kabla hajapanda ndege.

Nyumba ya lugha nyingi

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Circassia, nchi ya milima ya Kaukasi, aliyeletwa utumwani akiwa mtoto. Ndugu zake kwa baba walikuwa wengi: Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, aliacha watoto 36 walio hai.

Katika jumba lile zilisikika lugha nyingi. Mbele ya Sultani kilitakiwa Kiarabu, lakini akiondoka tu kila mtu alirudi kwenye lugha yake: Kiswahili, Kifarsi, Kituruki, Kicircassia, Kihabeshi na Kinubi. Mtoto aliyekulia humo hakuona ajabu mtu mmoja kuwa na ndimi tatu. Sisi tunaosema Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili Nyamirambo na Biryogo, Kiingereza darasani na Kiarabu katika swala tunamwelewa vizuri.

Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kuisoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, kitu ambacho watoto wa chuoni walikitumia kama ubao, akawa ananakili kwa siri herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Wakubwa walipogundua walimlaumu, lakini ujuzi haunyang'anywi mtu akishaupata. Tabia hii ya kujifunza peke yake kwa kunakili na kurudia ndiyo iliyomwokoa baadaye.

Ndiyo pia iliyomponza. Mama yake alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alipanga kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Salme, msichana wa miaka 15, alijiunga na upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa fitina ile. Barua za kuagiza bunduki na kuwaita wakubwa zilipita mkononi mwake. Waingereza waliingilia kati, njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake, lakini aila iligawanyika. Salme akabaki katikati: huku hawamwamini tena, na kule wakamlaumu alipopatana na Majid.

Usiku wa mwaka 1866

Baada ya kukaa mashambani, Kisimbani na Bububu, alirudi mjini. Nyumba yake ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba za Mji Mkongwe zina madari yanayokaribiana, na mazoea yalianzia huko. Lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Tuseme ukweli bila kuuzungusha. Mazoea yale yalivuka mpaka wa sheria ya Mwenyezi Mungu, naye akawa mjamzito bila ndoa, kwa mtu asiye Mwislamu. Hatari ikawa kubwa. Agosti 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Kianglikana kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete, aliyekuwa amewasili kutoka Unguja. Mara wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto wao hakufika. Alifariki njiani akiwa bado mchanga.

Ubatizo ule haukutanguliwa na mafundisho ya maana, na yeye mwenyewe baadaye aliandika kwa uchungu jinsi dini mpya ilivyobaki juu juu kama nguo. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Hamburg: kuanza na jina la kila kitu

Alifika Hamburg mwaka 1867 kabla ya kujua Kijerumani. Mume alikwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya hapo, binti wa Sultani alikaa katika nyumba yenye milango iliyofungwa, na watumishi ambao hakuweza kuwaambia hata kwamba ana kiu. Wakwe na marafiki wa mume walipokuja kumtazama, alikaa nao kama bubu. Barabarani watu walimkodolea macho.

Lugha ya kitabuni hungoja, lakini lugha ya kila siku haingoji. Mkate, maji, kuni za moto, bei ya nyama, jina la ugonjwa wa mtoto: vyote vinatakiwa leo. Salme alianza huko. Alijifunza kwa kusikiliza watu wa nyumbani na kurudia, na kwa kusaidiwa na mwalimu katika kusoma na kuandika. Mkono uliozoea kwenda kutoka kulia kwenda kushoto ukabidi ugeuke. Anayejua Kijerumani atakwambia kuwa kila jina lina jinsi yake kati ya tatu, na mara nyingi hakuna kanuni ya kuikisia. Lazima uikariri pamoja na neno. Atakwambia pia kuwa kuna wewe ya mtu wa karibu na wewe ya heshima, na ukikosea unaweza kumvunjia mtu heshima bila kukusudia. Mambo haya Salme aliyapata mezani na mlangoni, mbele ya watu wanaomtazama.

Jioni, mume aliporudi, alikipata Kiswahili chake, nacho kikawa pumziko lake. Wakapata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869, aliyeitwa pia Rudolph, na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alipewa pia jina la Kiarabu, kama kwamba mama alitaka kuwaachia alama ya njia ya kurudi.

Agosti 1870 Rudolph Heinrich Ruete alianguka kutoka kwenye tramu ya farasi, ikamjeruhi, akafariki baada ya siku chache. Mtoto mdogo alikuwa na miezi michache tu. Katika siku moja Salme alipoteza mume, mlezi, mkalimani, na mtu pekee katika mji ule aliyezungumza naye kwa Kiswahili. Miezi miwili baadaye Sultani Majid, kaka aliyemsamehe, naye akafariki Unguja, na Barghash akashika kiti.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mjane wa Kiislamu, hata akiwa ugenini, huzungukwa na watu: kuna wa kupika, wa kusoma, wa kulea watoto eda ikiendelea. Salme hakuwa na jamaa wala jamii. Ujerumani ya wakati ule haikuwa na msikiti hata mmoja. Wa kwanza ulijengwa Wünsdorf mwaka 1915 kwa ajili ya wafungwa wa vita. Sheria za Hamburg nazo hazikumwachia mjane usimamizi wa mali ya watoto wake peke yake, waliwekwa wasimamizi. Lugha ya sokoni aliyokuwa amejifunza haikutosha tena. Sasa alitakiwa kuelewa lugha ya hati na mahakama.

Mali ikapungua. Alihama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na miji mingine, akitafuta maisha nafuu. Binti aliyenyimwa kalamu utotoni sasa alipata riziki kwa kufundisha Kiarabu. Aliendelea kukaa Ujerumani kwa sababu aliona ni wajibu kuwalea watoto katika nchi ya baba yao.

London, 1875

Mwaka 1875 Sultani Barghash alizuru Uingereza. Salme aliona mlango umefunguka. Kaka aliyemwandikia barua za siri miaka 16 nyuma yuko safari ya siku chache tu. Akimwona uso kwa uso huenda moyo wake ukalainika. Lakini London inahitaji Kiingereza, naye hakuwa nacho. Akakaa na vitabu wiki chache, akijisukuma kukariri maneno na mazungumzo ya kawaida, kama afanyavyo mwanafunzi wa leo mwenye mtihani wa lugha karibu. Kisha akawaacha watoto na kuvuka bahari.

Huko alikutana na Sir Bartle Frere, mtu aliyewahi kutumwa Unguja kuhusu mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa wa mwaka 1873. Serikali ya Uingereza haikutaka Sultani asumbuliwe. Frere alimpa chaguo: aache kumfuata kaka yake, na serikali itaangalia masomo na maisha ya watoto wake. Mama wa watoto watatu wasio na kitu alikubali. Sultani alipokwisha kuondoka, jibu lililomfikia lilikuwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, akaombe msaada kwa serikali yake.

Aliuelewa usemi wao, lakini ahadi ilikuwa ya mdomo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike madeni na tuweke mashahidi. Aya ile ndefu kuliko zote ina maana sana kwa mtu aliye ugenini.

Kurudi juu ya meli ya kivita

Agosti 1885 Salme aliona tena minara ya Unguja, baada ya miaka 19. Lakini alifikaje? Bismarck alikuwa akigombana na Barghash juu ya ardhi za bara, naye akamleta binti huyu pamoja na manowari za Kijerumani, kama kisingizio mkononi. Watu wa mji, Waarabu na Waswahili, walimsalimia barabarani na wengine wakamfuata ufukweni, ijapokuwa Sultani hakupendezwa. Barghash hakumpokea. Alipokubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara, haja ya Salme ikawa imekwisha kwa Bismarck, na dai lake likawekwa kando.

Kuhusu dai lenyewe, wanafunzi wa fiqhi wataniuliza, na ni haki yao. Fungu lake kwa baba alikuwa amekwisha kulipata akiwa na miaka 12 hivi, ikiwa ni pamoja na shamba. Alichodai baadaye ni mirathi ya ndugu waliofariki akiwa Ulaya. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Kwa hiyo Barghash hakukosa hoja ya kisheria. Lakini sheria haikumzuia kumpa zawadi, wala kumjibu salamu. Mlango wa mirathi ulifungwa na sheria. Mlango wa huruma ulifungwa na watu.

Na sisi wa Kigali tusidhani kisa hiki ni cha pwani pekee. Mbio zilezile za Wajerumani kuelekea bara ndizo zilizokuja kuifanya Rwanda sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Pamoja na askari na wafanyabiashara wao kilikuja Kiswahili, na wengi kati yao walikuwa Waislamu. Tunaposali leo Nyamirambo, historia yetu na ya Salme zimegusana.

Kitabu

Mwaka 1886 alichapisha Berlin kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na miaka miwili baadaye zikatoka kwa Kiingereza. Fikiria, ndugu yangu: mwanamke aliyefika Hamburg bila neno, miaka 19 baadaye anawaandikia Wajerumani kitabu kwa lugha yao wenyewe. Humo anaeleza Ramadhani na Idi, malezi, harusi, chakula, na nafasi ya mwanamke katika nyumba ya Kiislamu, akiwasahihisha Wazungu waliodhani wanajua. Anaikosoa Ulaya bila woga. Aliandika akiwa nje ya dini, lakini mara nyingi unamsikia mtu anayeitetea nyumba aliyotoka.

Si kila alichotetea kilistahili. Aliandika kuutetea utumwa wa Waarabu, ilhali mama yake mwenyewe alikuwa mtumwa aliyetolewa kwao akiwa mtoto. Hapo hatuwezi kumfuata. Kuijua lugha ya watu na kuwasahihisha hakukufanyi uwe sahihi katika kila jambo.

Aliandika pia maandishi mengine, kwa namna ya barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, akisimulia upweke na mashaka ya miaka ya kwanza. Hayakuchapishwa maishani mwake. Kilichonigusa ni kwamba barua hizo ziliandikwa kwa Kijerumani. Moyo ulikuwa unasema na nyumbani kwa lugha ambayo nyumbani hawaisomi.

Mwisho wa safari

Mwaka 1888 alijaribu Unguja mara ya mwisho, baada ya Barghash kufariki, akashindwa tena. Hakurudi Ujerumani kukaa. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko mpaka mwaka 1914. Sioni ajabu kwamba alichagua miji ambayo adhana inasikika na Kiarabu kinasemwa sokoni. Alirudi Ujerumani uzeeni, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa Unguja, alichokitunza miaka yote. Nacho kiliwekwa kaburini mwake.

Tunachukua nini

Kwanza, lugha si adui wa dini. Mtume (SAW) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda mfupi. Tofauti ya lugha zetu ni katika ishara za Allah, kama ilivyotajwa katika Suratur Rum. Kwa hiyo jifunze Kijerumani na Kiingereza kwa nia njema, na usiishie lugha ya dukani. Jifunze kusoma mkataba wa nyumba, barua ya ofisi na masharti ya bima kabla hujatia saini.

Pili, tafuta jamaa kabla ya tiketi. Leo Hamburg, Berlin na miji mingi ina misikiti na jumuiya za wanafunzi Waislamu. Waulize waliotangulia, pata namba ya ndugu mmoja walau, ujue utasali Ijumaa yako ya kwanza wapi. Mtume (SAW) alitufundisha kuwa mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga na kundi.

Tatu, na hili ni letu tunaobaki. Miongoni mwetu yupo aliyekwenda na habari zake zikawa mbaya: ameacha swala, au ameolewa pasipostahili, au haeleweki tena yuko wapi. Tumemfuta kwenye kundi letu la simu, na jina lake halitajwi. Kosa lake haligeuki kuwa halali kwa sababu tunamsalimia. Lakini Salme alisubiri barua ya ndugu yake kwa miaka mingi, na kama ingekuja, nani ajuaye ingefungua nini? Toba ina mlango, na mara nyingi mtu huonyeshwa mlango huo na ndugu aliyeendelea kumwita kwa jina lake.

Hukumu ya Salme iko kwa Mola wake, Mwenye kujua vilivyomo vifuani. Sisi tumuombe atuthibitishe katika dini yake, nyumbani na ugenini, na awarudishe waliopotea kwetu wakiwa salama. Na wiki hii, kama unamjua mmoja wao, mwandikie. Andika kwa lugha anayoisoma moyo wake.

Wabillahi tawfiq.